Mkia wa Tepu

Jina la Fundi Polepole hakupewa na adui zake. Alipewa na wateja wake mwenyewe, waliomletea redio asubuhi wakidhani wataondoka nayo jioni, wakaikuta wiki ya pili ingali mezani, tumbo wazi, kila skrubu imelazwa ndani ya kizibo chake cha chupa. Hakuna aliyemfundisha kazi. Alianza kwa kufungua redio ya baba yake, akashindwa kuifunga, akachapwa, kisha akaifungua tena. Tangu hapo alishika kanuni moja: usiguse cha pili kabla hujakielewa cha kwanza.

Sauti yake nayo ilikuwa ndogo. Mama mkwe wake alipenda kusema mbele za watu, "Mkwe wangu huyu nimekaa naye miaka yote hii sijasikia neno lake hata moja. Anaongea kama anayeiambia sindano siri."

Zamani ulikuwa utani tu. Sasa ulikuwa umekaribia kuwa kweli. Daktari wa masikio alimweleza yule mama bila kuzunguka: sikio la kushoto limekwisha, la kulia linafuata. Sauti nyembamba zilikuwa zimeshamuaga, kuanzia ndege na kengele za baiskeli hadi wajukuu wakinong'ona. Nzito bado alizipata, lakini nazo zilikuwa mlangoni, zimeshavaa viatu.

Ndiyo maana shemeji wa fundi, kaka wa mkewe, alipoingia dukani na kifurushi kifuani, hakuanza na matani kama kawaida yake. Alikifungua kwanza. Ndani ya shati kuukuu la kazi la dereva wa treni kulikuwa na gurudumu la tepu, upana wa sahani ya chai.

"Ni ile ya baba," alisema. "Ilikuwa chini kabisa ya sanduku."

Fundi aliijua habari yake, kama kila aliyeoa katika ile nyumba. Siku treni ya mwisho ya mvuke ilipoingia stesheni kabla ya injini za dizeli kushika njia, karani mmoja wa stesheni alitoa mashine yake ya kurekodi, akaweka kipaza sauti ukingoni mwa jukwaa la abiria, akanasa kila kitu. Aliyeendesha treni ile alikuwa baba mkwe wa fundi. Karani akampa tepu iwe zawadi. Lakini nyumbani hapakuwa na mashine ya kuipigia, na haikupatikana kamwe. Yule dereva akahamia dizeli, akastaafu, akafa kitandani kwake kwa amani, na tepu ikabaki sandukuni.

"Mimi naitaka kwa ajili ya chumba cha makumbusho," alisema shemeji. Alikuwa mtu wa ofisi ya reli, na wakubwa walikuwa wamempa chumba kimoja cha stesheni ya zamani apange humo taa, kofia na picha za enzi hizo. "Nataka mgeni akiingia asikie treni. Lakini Mama anaitaka zaidi yangu. Anasema anataka kumsikia akifika. Alisikia safari zake zote isipokuwa hiyo moja. Siku hiyo alikuwa hospitali anamzaa mke wako."

"Kwa hiyo kosa ni la mke wangu," alisema fundi.

"La nani tena? Haya, mgonjwa huyo hapo. Ukimuua, namchukua dada yangu."

"Ukimchukua, beba na vyombo vyake. Vimejaa nyumba nzima, sina pa kuweka hata waya."

Shemeji akacheka kidogo, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Usichelewe, shemeji. Nakuomba. Safari hii usichelewe."

Fundi hakuahidi kitu. Lakini alizigeuza redio zote zilizokuwa mezani zikatazama ukutani.

Utepe ulikuwa umeanza kupukutika unga wa rangi ya kutu. Hakuupiga mara moja. Aliuzungusha kwa mkono, akiupangusa kwa kitambaa laini, mpaka vidole vyake vikawa vya kahawia. Ndipo alipouweka mashineni. Kwanza ikagongwa kengele ya stesheni, kipande cha reli kilichoning'inizwa. Kisha honi kutoka mbali. Kisha injini yenyewe, nzito, ikija, ikija, mpaka breki zikalia na vyuma vikagongana kutoka behewa hadi behewa. Kimya. Sindano ya kupimia sauti usoni mwa mashine, iliyokuwa ikirukaruka, ikalala chini. Fundi akasubiri kidogo, bila kuufikisha utepe mwisho. Sindano haikuamka. Spika yake ya dukani, ndogo kama kisosi, haikutoa kitu ila ule mlio wa mchanga ambao kila tepu ya zamani huwa nao.

Hapo akafanya alichozoea kufanya. Tepu za zamani hukauka ncha zote mbili na kukatika, kwa hiyo alikuwa na msemo wake: kata kichwa, kata mkia. Mkia huu ulikuwa mrefu. Alipouvuta ulitoka mezani hadi mlangoni, ukarudi, ukaenda tena. Akauondoa kwa wembe na kuutundika kwenye msumari, pamoja na mikia mingine. Hakuwa mtu wa kutupa. Ule utepe mweupe wa kuungia ncha haukupatikana mjini, basi yeye alichukua mikia iliyokuwa kimya na kuiunga kwenye tepu za wateja wengine, mbele na nyuma, ili mashine ipate pa kushika. Kimya ni kimya, alikuwa akisema, hakina mwenyewe.

Baadaye akaisafisha sauti kama shemeji alivyotaka. Mashine yake ya kuchuja ilikuwa na safu ya vitufe vya kupandisha na kushusha. Akashusha mchanga. Akashusha na ule mvumo mzito wa chini, ambao kwenye spika yake ulisikika kama mkwaruzo tu. Akahamishia kwenye kaseti, na kwa mara ya kwanza maishani akamaliza kazi kabla ya kuulizwa.

Wiki tatu baadaye, wote walipopata nafasi, walikusanyika sebuleni kwa mama mkwe. Mkewe fundi aliweka redio kaseti kwenye stuli karibu na sikio la kulia la mama yake. Fundi akabonyeza. Kengele, honi, treni, breki. Tap. Kwisha.

"Safi!" alisema shemeji. "Utadhani imerekodiwa jana."

Mama mkwe alikuwa ameinamisha kichwa. Hakukiinua.

"Hii cherehani ya nani?" aliuliza.

"Mama!" alisema mkewe fundi.

"Nauliza tu. Treni ya baba yenu ilikuwa ikipita vikombe vinacheza kabatini. Hii haitikisi hata chai." Akamgeukia fundi, bila ukali. "Umeikondesha, mkwe. Lakini hilo si neno. Mbona imeishia hapo? Hajafika."

"Amefika, Mama," alisema shemeji kwa sauti kubwa. "Umesikia breki. Treni imesimama."

"Kusimama si kufika."

Akawaeleza, kwa utulivu, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika maharage. Nyumba zao za reli zilikuwa nyuma ya stesheni. Treni iliposimama, injini iliendelea kuhema. Kama dereva wa zamu iliyofuata alikuwa mgonjwa au mlevi, mume wake aliambiwa aendelee mbele, na moto ukachochewa, na injini ikahema haraka. Kama amemaliza, moto uliachwa utulie, na pumzi zikawa ndefu. "Mimi nilikuwa jikoni nasikiliza pumzi. Zikiwa fupi, nafunika chakula. Zikiwa ndefu, napakua. Honi kila mtu anapiga. Mimi honi nilikuwa siisikilizi."

"Kwa hiyo unataka pumzi," alisema mkewe fundi.

"Nataka na alikokwenda." Mama akacheka kwa pua. "Siku uliyozaliwa wewe, treni iliingia mchana. Baba yako akanijia hospitali jua linazama, amenawa, ananukia sabuni. Namuuliza ulikuwa wapi, ananiambia nimeshuka kwenye injini nikaja moja kwa moja, ni manesi walionizuia nje na kunipeleka bombani kwa sababu ya masizi. Nikamwambia, mwanamume, ulipita nyumbani ukaoga, ukala, labda na usingizi ukaupitia. Alikana mpaka anakufa. Tulikuwa tukicheka nalo. Lakini nilikuwa simwamini."

Fundi akaitoa kaseti mashineni. Akasema kitu.

"Anasemaje?" aliuliza mama mkwe.

"Anasema kulikuwa na mwisho, Mama, ameukata!" alipaza mkewe.

Mama mkwe alimtazama fundi kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama mtoto aliyevunja kikombe akiwa anakiosha.

"Basi akauunge," alisema.

Kwenye msumari kulikuwa na mikia mitano, na yote ilikuwa mifupi. Fundi aliitazama hadi akakumbuka. Baada ya treni, kazi iliyofuata ilikuwa tepu ya kwaya: nyimbo zilizorekodiwa enzi za mwalimu wao wa kwanza, marehemu, ambazo bado walizifanyia mazoezi. Tepu hiyo ilikuwa imekatika ncha zote mbili. Alikuwa ameuchukua ule mkia mrefu, akaugawa, nusu akaiunga mbele, nusu nyuma.

Ukumbi wa kwaya ulikuwa chumba kirefu chenye mabenchi na, pembeni, spika mbili za mbao zenye kimo cha mtoto wa shule. Mwalimu wa kwaya, mtu mnene mwenye furaha, alikuwa peke yake akipanga viti.

"Fundi! Umeleta nini?"

"Nimekuja kuchukua, mwalimu. Kile kimya cha mwanzo wa tepu, na cha mwisho."

"Umekuja kuomba kimya?" Mwalimu aliweka kiti chini. "Watu wanakuja hapa kuomba sare, kuomba nafasi ya kuimba peke yao. Kimya ni mara ya kwanza."

"Si kimya kitupu. Kuna kitu ndani yake, ambacho sikukisikia."

"Mbona sisi tunakisikia kila siku?" Mwalimu akaiwasha mashine. "Tulidhani umetuwekea makusudi."

Kutoka kwenye zile spika kubwa ikaja sauti ambayo duka la fundi lisingeweza kuitoa hata kwa wiki nzima. Haikuwa kubwa. Ilikuwa nene. Kitu kizito mno kilikuwa kimekaa mahali, kikivuta pumzi na kuitoa. Phuuu. Ikatulia. Phuuu. Kioo cha dirisha kikajibu.

"Waimbaji wa sauti ya nne, ile ya besi, walikuwa hawaingii kwa pamoja mwaka mzima," alisema mwalimu. "Sasa wanavuta pumzi na hii. Pumzi ya nne, tunaanza. Hakuna anayekosea tena. Ni nini?"

"Injini ya treni. Imesimama stesheni."

Mwalimu alicheka mpaka akashika benchi. Halafu kicheko kikamwishia taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Na mwisho wa tepu?" aliuliza. "Zile nyayo?"

"Nyayo gani?"

"Wimbo wa mwisho ukiisha, kuna mtu anatembea. Ana viatu vizito. Sisi..." Alijikuna shingo. "Tulisema ni marehemu mwalimu anatoka ukumbini. Huwa tunasimama kimya mpaka amalize kutembea. Wengine wanalia."

Fundi alitazama sakafu. Angeweza kusema mengi, lakini akasema lililo kweli. "Nadhani ni baba mkwe wangu."

"Alikuwa mwimbaji?"

"Dereva."

Mwalimu alikaa kwenye kile kiti alichokuwa akikipanga. "Basi tumemsindikiza mtu mwingine," alisema hatimaye. "Si vibaya. Hakuna msindikizwaji aliyelalamika." Kisha akainua kidole. "Chukua. Lakini nina mambo mawili. Zile pumzi nne unitengenezee nakala, bila hizo nitarudi kwenye vita na sauti ya nne. Na wanakwaya wangu usiwaambie habari za dereva. Nitawaambia mwenyewe, siku nitakayoona wanaweza."

"Na mimi nina ombi," alisema fundi. "Hizi spika ni nzito, hazibebeki hadi kwa mama mkwe. Naomba nimlete yeye."

Alivirudisha vipande vyote viwili mahali pake, kwa mpangilio wake, usiku ambao hakulala, lakini pia bila haraka. Alivuta utepe chini ya taa, akalinganisha ncha na ncha kama alivyozikata. Kitu kimoja kilimtia hofu. Kwaya ilikuwa imeupiga ule mkia kila mazoezi, na unga ulikuwa unatoka mwingi kuliko mwanzo. Ungepita kwenye mashine mara moja vizuri. Mara ya pili hakuna ambaye angeweza kuapa. Kwa hiyo akaamua: ipigwe mara moja tu, ukumbini, na mashine nyingine pembeni inakili wakati huo huo. Vitufe vya kuchuja aliviacha nyumbani.

Mama mkwe alikuja ameshikwa mkono na binti yake. Shemeji alibeba mto wa kukalia. Mwalimu wa kwaya alikuwa amefunga madirisha yote kuzuia kelele za mtaani, akasimama mlangoni ili asiingie mtu. Fundi alimketisha mama karibu na spika, akauchukua mkono wake na kuuweka juu ya mbao za kisanduku. Yeye akavaa spika za masikioni, ambazo zilimpa hata sauti nyembamba, akabonyeza.

Kengele. Honi. Kisha treni ikaingia ukumbini. Mabenchi yalitetemeka. Mchanga wa tepu ulikuwepo, na ndani ya mchanga ule fundi akausikia mvuke, akatambua aibu yake yote: siku ile, alipokuwa akishusha vitufe, ndio aliokuwa akiufuta.

"Ehee," alisema mama mkwe. "Vikombe."

Breki. Vyuma vikagongana. Kimya kikaja, na sindano ikalala, na hakuna mtu aliyeamini sindano. Phuuu. Mkono wa mama ulikuwa bapa juu ya mbao. Phuuu. Akafumba macho. Pumzi ya tatu ikachelewa kidogo, ya nne ikachelewa zaidi.

"Ndefu," alisema. "Moto wameuacha. Haendelei mbele. Amemaliza." Baada ya muda akauliza, "Sasa?"

Fundi, masikioni mwake, alisikia kiatu kikikanyaga chuma.

"Anashuka," alisema.

"Eeh?"

"Anashuka, Mama."

"Mkwe, sikusikii!"

Mkewe alikuwa mbali, karibu na dirisha, na zile nyayo, zilizofifia kadiri unga ulivyopukutika, hazikumfikia. Utepe ulikuwa ukienda na haungerudi. Fundi Polepole, ambaye hata nyumba ikiungua angegonga mlango kwanza, akavuta pumzi.

"ANASHUKA, MAMA! NGAZI ZA INJINI!"

Shemeji aliruka kwenye benchi. Mlangoni, mwalimu wa kwaya aligeuka, akionekana kupima sauti hiyo ingefaa kundi gani.

"Yuko na nani?" aliuliza mama mkwe.

"PEKE YAKE! YUKO KWENYE KOKOTO! MGUU MMOJA UNAKANYAGA KWA UZITO KULIKO WA PILI!"

"Goti lake. Ndiye. Anakwenda wapi?"

Fundi alizibana spika masikioni. Kokoto, kokoto, kokoto. Nyayo zilikuwa zikifuata mdundo wake mbovu, moja nzito, moja nyepesi, na zilikuwa zikiongeza mwendo. Kisha mlio ukabadilika.

"CHUMA TENA! ANAPANDA NGAZI ZA CHUMA! NYINGI! ANAPANDA HARAKA!"

Mama mkwe alifumbua macho.

"Ngazi za chuma? Kwetu hakukuwa na ngazi. Kwetu ni kupita nyuma ya tangi la maji, njia ya udongo." Alikaza kiganja kwenye mbao. "Ngazi za chuma zilikuwa za daraja la kuvukia reli."

"La kwenda wapi?" aliuliza mkewe fundi, ambaye alikuwa amesogea bila mtu kumwona.

Mama alimtazama binti yake, mtoto wa siku ile ile, sasa ana mvi mbili tatu. "Hospitali," alisema.

Nyayo zikafifia juu ya daraja. Injini ikahema mara mbili zaidi, na mkia ukaisha. Ncha ya utepe ikaanza kupigapiga mashineni, fundi akaizima. Kwenye ile mashine ya pili nakala ilikuwa nzima. Kwenye vichwa vya mashine ya kwanza, pale utepe unapogusa, kulikuwa na unga wa kahawia wa kujaza kijiko.

"Hii yote ndiyo itakayopigwa chumbani kwangu," alisema shemeji. "Na mchanga wake. Na kimya chake chote."

"Watu watadhani mashine imeharibika," alisema dada yake.

"Waache wadhani. Nitaweka benchi. Anayetaka treni tu ataondoka kwenye breki."

Mama mkwe alikuwa bado na mkono juu ya spika. Aliupapasa ule ubao mara moja, kama mtu anayepapasa bega. "Basi hakudanganya," alisema. "Manesi kweli walimpeleka bombani. Maskini, nimemsumbua na sabuni ile miaka yote."

Fundi akainama karibu na sikio lake la kulia. Masikio yake mwenyewe yalikuwa yakivuma.

"NIMEKUTUNZIA NAKALA, MAMA!"

"Usinipigie kelele, mkwe," alisema yule mama. "Nimekusikia."